Kiti kimoja, tiketi mbili: somo la kadi ndogo ya reli ya Kisumu

Mwaka jana nilikwenda Kisumu kumchukua Mamkubwa, dada mkubwa wa marehemu mamangu, aje akae nasi Mombasa. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, watoto wametawanyika kila mmoja na lake, na macho yake yalikuwa yakizidi kufifia. Mizigo yake haikuwa mingi: mabegi mawili, mkeka, sufuria kubwa ya pilau aliyokataa katakata kuiacha, na mkebe wa biskuti ambao hakutaka uingizwe chini ya basi pamoja na vitu vingine. Mkebe ule ulisafiri mapajani mwake.

Asubuhi nilikuwa nimekata tiketi mbili kwa wakala mmoja pale stendi. Aliandika kwa mkono kwenye kitabu cha risiti, kiti 14 na kiti 15, akachana, akanipa. Jioni tulipopanda basi tulimkuta mama mmoja ameketi kwenye kiti 15, mtoto mchanga kifuani, risiti mkononi. Risiti yake nayo imeandikwa 15. Tarehe ile ile, basi lile lile, mwandiko tu ndio tofauti.

Tulimwita utingo. Alizisoma risiti zote mbili, akazigeuza nyuma, akazisoma tena, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Zote ni sawa."

Zitakuwaje zote sawa na kiti ni kimoja? Lakini ukifikiri, alisema kweli. Wakala wangu alikuwa na kitabu chake, wakala wa yule mama alikuwa na chake, na vitabu hivyo havikujuana. Yule mama alilipa kama nilivyolipa mimi. Hakuwa mwizi, wala mimi sikuwa mwizi, na hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote. Nilimwachia kiti, nikakaa juu ya ndoo katikati ya basi mpaka Nakuru, abiria mmoja aliposhuka.

Mamkubwa alinyamaza mpaka tukapita Ahero. Kisha akasema, "Mwanangu, hiyo uliyoandikiwa si tiketi. Hiyo ni barua. Angekuwapo marehemu angekuuliza kwanza: nambari yake iko wapi?"

Marehemu alikuwa karani wa tiketi katika stesheni ya reli ya Kisumu. Na ndani ya ule mkebe wa biskuti, chini ya shanga na picha za pasipoti za zamani, mlikuwa na kadi tano za tiketi za gari la moshi. Usiku ule, basi likipanda milima ya Kericho, Mamkubwa alinifundisha kuzisoma kwa vidole. Nimeandika makala haya kwa sababu naamini wasomaji wengi wa Pwani wana mikebe kama ule majumbani mwao na hawajui walichonacho. Na pia kwa sababu lile tatizo la kiti 15 lilishapata dawa karibu miaka 200 iliyopita.

Seremala aliyefilisika

Chukua kadi mojawapo. Ni kipande cha kadibodi ngumu, urefu milimita 57, upana milimita 30. Inaingia yote ndani ya kiganja cha mtoto. Juu yake pamechapishwa jina la shirika la reli, utokako na uendako, daraja la behewa, na nauli. Pembeni, kwa wino mweusi, pana nambari. Hiyo nambari ndiyo moyo wa mambo.

Aliyeibuni kadi hii ni Mwingereza aitwaye Thomas Edmondson, mzaliwa wa Lancaster, mwaka 1792. Hakuwa mhandisi wala tajiri. Alikuwa seremala wa samani ambaye biashara yake ilianguka akafilisika. Mwaka 1836, akiwa mtu wa makamo, alipata kazi ya ukarani katika kituo kidogo cha Milton, kwenye reli iliyounganisha Newcastle na Carlisle, kaskazini mwa Uingereza.

Reli wakati huo zilikuwa ngeni, na zilikuwa zimerithi mtindo wa magari ya farasi. Abiria akija, karani alifungua kitabu, akaandika kwa mkono jina lake, aendako, tarehe na nauli, akachana karatasi akampa. Kwa gari la farasi lenye watu kumi na wawili, mtindo huo ulitosha. Kwa treni yenye mamia ya watu, ulikuwa balaa. Foleni haikuisha, na treni haingoji. Reli nyingine zilijaribu njia tofauti. Ile ya Leicester na Swannington, kwa mfano, ilitoa vipande vya shaba ambavyo vilikusanywa mwisho wa safari vikatumika tena.

Lakini tatizo kubwa zaidi halikuwa foleni, lilikuwa fedha. Karani akiuza tiketi 40 na kuandika 30 kwenye hesabu, ni nani angejua? Na ubaya wake ulikuwa na upande wa pili. Karani mwaminifu aliyeuza 30 na kuandika 30 hakuwa na njia ya kuonyesha kwamba hakuuza 40. Mwizi na mwaminifu walifanana kabisa. Wote wawili walikuwa na neno lao tu.

Edmondson alipata jibu rahisi. Badala ya kuandika tiketi mbele ya abiria, alizitayarisha kabla: kadi ndogo, kila safari na daraja kwa kadi zake, na kila kadi na nambari yake inayofuatana na ya kabla yake. Mwanzoni aliziandika nambari kwa mkono. Baadaye, akisaidiwa na fundi saa wa Carlisle, alipata mashine ya kuchapa kadi zikiwa na nambari mfululizo, na mashine nyingine ya kugonga tarehe wakati wa kuuza.

Mwaka 1839 reli ya Manchester na Leeds ilimwajiri, na kutoka hapo mfumo wake ukaenea. Aliwatoza wenye reli shilingi kumi kwa kila maili ya njia kwa mwaka. Kwa bei hiyo, njia yenye urefu wa maili 582, yaani kutoka Mombasa hadi Kisumu, ingemlipa pauni 291 kila mwaka. Hakuzipata. Alifariki 1851, miaka hamsini kabla ya reli yetu kufika ziwani. Kadi yake ilifika bila yeye, kama ilivyofika India na karibu kila mahali Waingereza walipotandika chuma.

Hesabu ya kunde

Sasa turudi kwenye dirisha la tiketi. Mamkubwa hakuwahi kuajiriwa na reli, lakini aliijua kazi ya mumewe kama alivyojua kukuna nazi, kwa sababu mume huyo alimfundisha kwa punje za kunde juu ya meza ya jikoni.

Ndani ya chumba cha karani kulikuwa na kabati la mbao lenye vijumba vingi vyembamba. Kila kijumba kilikuwa cha safari moja na daraja moja. Kadi zilipangwa humo zikiwa zimelaliana, nambari ndogo chini, kubwa juu. Karani alichomoa kutoka chini. Alipochomoa moja, iliyofuata ilishuka yenyewe kwa uzito wa zilizo juu yake.

Asubuhi kabla ya kufungua dirisha, karani aliandika nambari ya kadi ya chini ya kila kijumba. Jioni alipofunga, aliandika tena. Tuseme asubuhi ilikuwa 2140 na jioni ni 2163. Basi kadi 23 zimeuzwa. Zidisha 23 kwa nauli, ndizo fedha zinazotakiwa kuwa kwenye droo kwa kijumba hicho. Zikipungua, karani anadaiwa. Zikizidi, abiria fulani amepunjwa chenji yake. Hakuna cha "nadhani" wala "nakumbuka".

"Kila jioni alirudi na wino kidoleni," Mamkubwa aliniambia. "Nikimwona anapiga bismillahi na kukaa kula, najua hesabu imelingana. Nikimwona anazunguka uani, najua kuna kijumba kimemgomea."

Kadi ilipochomolewa haikuwa tayari bado. Karani aliisukuma kwenye mdomo wa mashine ya tarehe, kitu kizito cha chuma kilichofungwa kwa skrubu juu ya meza. Mashine hiyo haikuhitaji umeme. Ukisukuma kadi, meno ya chuma yenye siku, mwezi na mwaka yaliuma ukingo wake, na sauti ilisikika mpaka nje kwenye foleni. Abiria asiyejua kusoma alijua kwa sauti ile kwamba tiketi yake imekamilika.

Mtoto alisafiri kwa nusu nauli. Badala ya kuchapa kadi nyingine, reli nyingi zilizotumia mfumo huu zilimruhusu karani akate pembe ya kadi ya mtu mzima kwa mkasi, na kuiweka pembe hiyo kama ushahidi wa ile nusu nauli ambayo haikulipwa. Kwa hiyo hata kipande cha karatasi ambacho mimi na wewe tungekitupa kilikuwa na kazi. Kilimwokoa karani jioni.

Tiketi ya kwenda na kurudi ilikuwa kadi moja yenye nusu mbili. Ukifika, nusu ya kwenda inachukuliwa mlangoni, nawe unabaki na nusu ya kurudi. Ndani ya treni, mkaguzi alipita na koleo lake la kutobolea. Makoleo hayakufanana: moja lilitoboa duara, jingine pembetatu, jingine umbo lenye pembe nyingi. Ukitazama tundu, unaweza kujua ni koleo gani limepita hapo.

Ona basi jinsi kadi moja ilivyokusanya mashahidi. Nambari inasema imetoka kijumba gani na baada ya nani. Tarehe inasema lini. Tundu linasema imekaguliwa. Mwisho wa safari kadi inakusanywa mlangoni na kurudishwa ofisini, ambako mhasibu anaweza kuilinganisha na hesabu ya karani aliyeiuza mamia ya maili nyuma. Kadi mbili zenye safari moja, daraja moja na nambari moja zisingeweza kuwako bila mtu kughushi. Utingo wa reli asingesema kamwe kwamba zote ni sawa.

Dirisha lililotazama pande tatu

Kwa nini Kisumu? Kwa sababu stesheni ya Kisumu haikuwa stesheni ya kawaida.

Chuma kilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Kilifika Nairobi 1899, na Disemba 1901 kikafika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa kazi hiyo, na takriban 2,500 walifia njiani. Wakati chuma kinafika, Kisumu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ni mwaka 1902 ndipo eneo hilo lilipohamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Ndiyo maana reli iliyoanzia kwetu Mombasa iliitwa Reli ya Uganda.

Na chuma kilipoishia, safari haikuishia. Meli ziliundwa hapo hapo Kisumu kutokana na vipande vilivyoletwa kutoka Uingereza. William Mackinnon iliteremshwa majini mwaka 1900, kabla treni haijafika. Zikafuata Winifred na Sybil, na kufikia 1907 Clement Hill. Kwa miaka thelathini hivi, mtu aliyetoka Pwani kwenda Entebbe au Kampala kwa reli alipitia Kisumu, akateremka kwenye behewa na kupanda meli ya shirika lile lile. Mahujaji, wafanyabiashara wa Kihindi, maaskari, wamishonari na Waswahili wetu waliofuata biashara bara, wote walipita mlango ule.

Mwaka 1931 reli nyingine, iliyopitia Eldoret, ilifika Kampala. Kisumu ikapoteza cheo cha kuwa lango la Uganda, lakini haikufa. Tawi dogo lilikwenda Butere. Meli za reli ziliendelea kuzunguka Ghuba ya Winam, zikipeleka watu na mizigo Kendu Bay, Homa Bay na Asembo. Kwa hiyo karani wa Kisumu alitazama pande tatu: mashariki kwenye chuma kirefu cha Nairobi na Mombasa, kaskazini kwenye treni ya Butere, na mbele yake maji.

Historia yetu yote ya siasa imeandikwa kwenye kichwa cha kadi hizi, kwa herufi ndogo kuliko punje ya mchele. Kwanza Reli ya Uganda. Kuanzia 1926, Reli ya Kenya na Uganda. Mwaka 1948 Tanganyika ikaunganishwa, ikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, likawa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, ndugu wakagawana mabehewa na meli, na 1978 likazaliwa Shirika la Reli la Kenya. Fedha nazo zilibadilika: rupia, kisha florini mwaka 1920, kisha shilingi muda mfupi baadaye.

Nisiisifu kadi hii kupita kiasi. Nambari yake haikumbagua mtu, lakini daraja lake lilibagua. Wakati wa ukoloni ilikuwa desturi inayojulikana na kila mtu: daraja la kwanza la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika. Mfumo uliohakikisha kwamba hakuna senti iliyopotea haukujali kwamba waliojaa kwenye mabenchi ya daraja la tatu ndio waliokuwa wengi kuliko abiria wengine wote. Uaminifu wa hesabu si sawa na haki. Ni sehemu yake tu, lakini ni sehemu ambayo ukiikosa, hata hiyo nyingine huwezi kuidai.

Jina limerudi

Kadi ya Edmondson ilidumu kuliko himaya iliyoisambaza. Uingereza yenyewe iliacha kuiuza mwaka 1990, mashine za kompyuta zilipochukua nafasi. Huku kwetu kilichopotea si kadi tu, ni treni. Huduma za abiria kwenda Kisumu zilidhoofika mwaka baada ya mwaka, na wakati reli ilipokuwa mikononi mwa mwekezaji binafsi, kati ya 2006 na 2017, zilikatika kabisa. Disemba 2021 ndipo treni ya abiria ya Nairobi iliporudi tena Kisumu, kwenye njia ile ile ya zamani iliyokarabatiwa.

Sisi wa Pwani tiketi yetu ya leo ni ya Madaraka Express, iliyoanza 2017. Unabonyeza *639# au unaingia mtandaoni, unatoa nambari ya kitambulisho, unalipa kwa simu, unapata ujumbe. Tiketi ina jina lako, behewa lako na kiti chako. Kwa tatizo la kiti 15, hii ni dawa kali zaidi ya kadi, kwa sababu vitabu vyote vimekuwa kitabu kimoja. Wakala wa Miritini na wakala wa Nairobi hawawezi kuuza kiti kimoja bila mashine kuwakatalia.

Lakini tazama jambo hili. Tiketi ya kabla ya 1836 ilikuwa na jina la abiria. Edmondson aliliondoa jina akaweka nambari. Kwa zaidi ya karne moja, mtu aliweza kusafiri kutoka Kilindini hadi ziwani bila karani kumuuliza yeye ni nani. Alichoulizwa ni nauli. Sasa jina limerudi, pamoja na nambari ya kitambulisho na ya simu. Zipo sababu nzuri: usalama, na kuwazuia walanguzi wanaonunua tiketi za sikukuu na kuziuza kwa bei ya kuruka. Ila ni vyema tujue tulichobadilishana. Kadi ilijua safari tu. Ujumbe wa simu unamjua msafiri.

La pili ni kwamba kadi ilikuwa mkononi mwa abiria. Betri haikuiishia. Ukigombana na mtu, unaiweka mezani na wote mnaiona. Leo ushahidi wote uko kwa muuzaji, na wewe unabaki na mwangaza wa kioo cha simu. Nauli ya kawaida ya Madaraka Express ilipopandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, nilijaribu kutafuta nyumbani tiketi yangu yoyote ya bei ya zamani nimwonyeshe mwanangu. Sikupata hata moja. Zilikwenda na simu iliyoanguka baharini Nyali. Ya Mamkubwa ya miaka hamsini na kitu iliyopita tulikuwa nayo.

Na mabasi mengi yetu? Hayo yamebaki kabla ya 1836. Yapo makampuni yenye mashine nzuri na mtandao mmoja wa viti, na yanastahili sifa. Lakini bado unakuta kitabu cha risiti cha dukani, mwandiko wa daktari, na wakala anayepokea fedha kisha anapotea kwenye umati. Abiria anaumia, na wakala mwaminifu anaumia vilevile, maana akisema "mimi sikuuza kiti hicho mara mbili" hana cha kuonyesha.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji, hasa msimu huu wa likizo. Kabla hujaondoka dirishani, tazama tiketi yako. Je, ina nambari iliyochapishwa, si iliyoandikwa kwa kalamu? Ina tarehe na saa ya safari? Kiti? Nauli uliyotoa, senti kwa senti? Jina la ofisi iliyokuuzia? Kama umelipa kwa simu, ujumbe wa malipo unataja jina la kampuni au la mtu binafsi? Kimoja kikikosekana, uliza pale pale, kwa adabu, kabla fedha hazijabadilisha mkono. Ukipewa ujumbe wa simu, upige picha na uutume kwa mtu wa nyumbani. Haikugharimu kitu, na siku ya ugomvi wewe ndiwe mwenye shahidi.

Nusu ya kurudi

Tulikuwa tumeshapita Nairobi, watu wamelala, yule mama wa kiti 15 amelala na mtoto wake, Mamkubwa aliponipa kadi ya tano. Hii haikuwa kamili. Ilikuwa nusu, imekatwa upande mmoja. Rangi yake imefifia kiasi kwamba hata yeye hakumbuki kama ilikuwa ya kijani au ya samawati. Niliimulika kwa simu. Daraja la pili. Kisumu kwenda Mombasa. Mwaka wa tarehe iliyogongwa ni 1967.

Mwaka huo ndio aliolewa. Babu yangu hakuipenda sana posa ya kijana wa reli aliyekuwa akipelekwa Kisumu, mbali na bahari, mbali na ndugu. Lakini alimpa mkono. Kisha akaenda mwenyewe stesheni ya Mombasa, akamkatia bintiye tiketi ya kwenda na kurudi.

"Aliniambia, mwanangu, nusu hii ni ya kwenda, nusu hii ni ya kurudi. Mtu akikutesa huko, usimwombe nauli."

Usiku mmoja hadi Nairobi, usiku wa pili hadi Kisumu. Mlangoni nusu ya kwenda ikachukuliwa. Nusu ya kurudi ikaingia kwenye mkebe. Mumewe aliiona, akacheka, akamwambia kwamba kadi hiyo ina muda wake na muda ukipita haifai kitu. Akamjibu kwamba yeye hakupewa kusafiria, alipewa kukaa nayo. Hakumtesa. Walikaa pamoja zaidi ya miaka hamsini, na kila walipokuja Mombasa kwa harusi au matanga, walikata tiketi mpya.

Kama unayo kadi ya namna hii nyumbani, ya babu aliyefanya kazi Makupa au Changamwe, ya shangazi aliyekuwa Voi, usiitupe na usiipake gundi kuibandika ukutani. Iweke pakavu, mbali na jua, ndani ya bahasha ya karatasi. Andika kwenye karatasi nyingine, si juu ya kadi, ilikuwa ya nani na alikuwa anakwenda wapi. Nairobi lipo Jumba la Makumbusho la Reli, lililofunguliwa mwaka 1971, na Kisumu wana makumbusho yao. Lakini kwanza muulize mwenye kadi, angali hai.

Tuliingia Mombasa saa mbili asubuhi. Yule mama wa kiti 15 alishuka nasi, akamshika Mamkubwa mkono mpaka kwenye tuktuk. Mkebe sasa uko kabatini kwangu, Majengo. Nusu ya kurudi imo ndani, na hakuna koleo lililowahi kuitoboa.